Chupa ya Ornella

Baba alikuwa amekwisha kung'oa kizibo cha chupa ya mvinyo kabla Ornella hajapata kusema kwamba anahamia Milano.

Mvinyo huo mwekundu ulilazwa ghalani siku aliyozaliwa Ornella. Hapa Valtellina, mtoto akifunguliwa mvinyo wake na kuunywa mezani mbele ya wazazi, matuta ya mizabibu kule mlimani huwa yake mpaka kufa, wala hawezi kuyaacha. Ukikutwa umechacha, hakuna makabidhiano.

Mama alikwisha kupakua nyama kavu na tambi za kabichi na jibini. "Kunywa basi, mwanangu, chakula kinapoa."

"Mwache," alisema baba. "Hii si soda."

Ornella alikitazama kidole gumba cha baba kwenye shingo ya chupa. Mawe ya matuta yalikuwa yamekipasua, na ndani ya ufa mlikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Akainua glasi aliyomiminiwa, akaonja. Hakuwa amewahi kunywa mvinyo mzuri kama ule.

"Umechacha," alisema.

Mama aliuweka mwiko chini. Baba aliichukua ile glasi, akanusa, akanywa funda moja, akamtazama binti yake.

"Kweli," alisema. "Siki tupu."

Kisha akajimiminia glasi nyingine, akaijaza pomoni.