Kanga Kutoka Pangani

Katika nchi aliyokwenda Saumu kusomea shahada ya uzamili ya kemia ya uchunguzi wa jinai, kila nguo iliyotoka ng'ambo ilipimwa jasho kabla mwenyewe hajakabidhiwa. Waliopima walikuwa wanafunzi wa kigeni. Upimaji wenyewe ulijulikana hata ng'ambo, lakini majibu yalikuwa siri ya serikali, na aliyeyatoa nje alirudishwa kwao.

Asubuhi moja Saumu alifungua kifurushi akakuta kanga ya mama yake, kutoka Pangani. Akaipima kama alivyopima nguo nyingine zote. Mashine ikaandika: dawa ya saratani, imetumika miezi minne.

Aliketi kidogo, akajaza fomu, na adhuhuri akapiga simu nyumbani.

“Shikamoo, mama. Hali yako?”

“Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kabisa. Kanga imefika?”

“Imefika. Ina harufu yako.” Saumu alijua simu zao husikilizwa, hivyo akayachagua maneno. “Mwezi ujao nitumie nyingine, mama. Ile unayoshinda nayo kila siku.”



“Nitakutumia,” mama akasema kwa upole. “Lakini hiyo nitaifua kwanza.”