Waya Nyuma ya Kabati

Kila nyumba ilikuwa na waya ambao serikali iliutumia kuwasikiliza wenyeji, na aliyeukata alinyang'anywa watoto.

"Wifi, umekuja kula au kunikagua?" Mwantumu alitania, mwanawe Sudi akiwa mgongoni.

"Nikukague kwanza, pilau itanisubiri," alijibu Hidaya, fundi wa kukagua nyaya za mtaa, huku akichomeka kipimo chake cha mkononi kwenye tundu la ukutani. Kwenye skrini kilichomoza kilele kirefu. Mawimbi ya kipimo yalikuwa yamekwenda mita nne ndani ya waya, yakagonga ncha iliyokatwa na kurudi. Mita nne ni nyuma ya kabati.

Alipoinua macho, tabasamu la Mwantumu lilikuwa limekauka.

"Nilichoka kusikilizwa hadi nikimbembeleza mtoto," alinong'ona. "Utanisema?"

Hidaya alitoa mkobani kifuniko kidogo cha shaba, kile ambacho mafundi hukitumia kusawazisha kipimo kabla ya kazi, kwa kuwa humeza mawimbi yote. Akajipenyeza nyuma ya kabati na kukikaza kwenye ncha iliyokatwa. Kilele kikazama. Kwa kipimo, waya ulikuwa mzima.

"Mungu akuweke, wifi yangu!" Mwantumu alilia kwa furaha. "Mwezi mzima tumeongea humu kama watu. Hata safari ya kuvuka mpaka na kaka yako tumeipangia hapa hapa."

Hidaya aliitazama skrini. Mstari ulitetemeka kwa kila neno la wifi yake. Waya uliokatwa ulikuwa bado unasikia, kama ulivyosikia mwezi mzima.

Akamziba mdomo taratibu kwa kiganja, na mstari ukatulia.