Bado Saini ya Mume

Mwalimu Dorotea alipoambiwa kwa mara ya nane kwamba faili lake halijakamilika, aliitikia "sawa," akafungua mkoba, akatoa chapati yake na kuanza kula palepale mbele ya afisa mikopo.

Venant, afisa mwenyewe, alisogeza faili pembeni lisipate mafuta. Mwezi wa kwanza mama huyu alikuwa akija na moto. Wa tatu alilia. Wa tano aligonga meza mpaka mlinzi akachungulia. Sasa ni mwezi wa nane, hasira zimekwisha, machozi yamekwisha, kilichobaki ni kuja na kurudi.

Na wala hakuwa anaomba makubwa. Nyumba ya vyumba vitatu Buswelu, yenye kisima na geti linalofungika. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa amehama mara sita, na mwenye nyumba wake wa Mkuyuni naye alishampa notisi: mwisho wa mwezi, atoke. Barua ya benki ya kukubali mkopo ilikuwa inakufa Ijumaa. Ikifa, ni kuanza upya, na muuzaji alishasema hasubiri tena.

"Tathmini ipo, barua ya mtaa ipo, hati imehakikiwa," Venant alisema akipekua. "Zimebaki fomu za ridhaa. Wewe umeolewa, lazima mumeo akubali uchukue mkopo. Muuzaji naye kaolewa, anaishi na mumewe humohumo, lazima huyo mume akubali nyumba iuzwe. Na mwanasheria wetu hataki fomu za kutumwa. Anawataka wenyewe, hapa, na vitambulisho."

"Yaani nyumba nanunua mimi, anauza mwanamke mwenzangu, halafu tunasubiri wanaume."

"Ndiyo utaratibu, Mwalimu."

Dorotea akamalizia chapati.

Mumewe, Baba Gladness, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Wiki mbili visiwani Ukerewe, wiki mbili nyumbani. Kila akiambiwa habari ya benki alijibu, "Safari ijayo nikirudi." Nyumba yenyewe hakuwahi hata kuuliza iko mtaa gani. Dorotea alimwachia. Mwanamume mtafutaji, utamlaumu vipi?

Afadhali muuzaji. Mama Seif alikuwa mcheshi, asiye na makuu. Siku Dorotea alipokwenda kuiona nyumba alikaribishwa chai ya tangawizi barazani, katikati ya magunia ya dagaa. Hakushangaa, Mwanza hii nani hana gunia la dagaa? Nyumba Mama Seif aliachiwa na marehemu mama yake, na sasa alitaka kuiuza afungue duka la vitenge Kisesa. Tangu siku hiyo walipigiana simu karibu kila wiki, na kazi yao ilikuwa moja tu, kuwasema waume.

"Wangu kaondoka tena jana," Mama Seif alilalamika siku moja. "Nimegeuka tu, hayupo."

"Wangu kaingia jana, lakini kazi yake kulala. Benki hataki hata kuisikia."

"Dada, hawa wamezaliwa tumbo moja!"

Walicheka mpaka salio likaisha.

Ijumaa asubuhi Dorotea alimpigia mumewe.

"Mama Gladness, ziwa limechafuka, vyombo havitoki," mumewe alisema. "Mwambie huyo wa benki iwe wiki ijayo."

"Sawa."

Hakusikia uchungu wowote, na hilo ndilo lililomtisha kidogo. Alijifunga kitambaa, akaenda benki kwa sababu miguu ilishazoea njia.

Saa nne, akiwa mbele ya meza ya Venant, simu ililia. Mama Seif alikuwa anahema.

"Dada, leo nimemkamata! Nimemdanganya tunafuata hela, maana kwenye hela huyu hachelewi. Tuko kwenye bajaji. Haya, na wewe mlete wako!"

"Wangu kakwama Ukerewe."

"Ee Mungu wangu! Basi huyu wangu asaini kwanza, tutajua mbele ya safari."

Dorotea aliweka simu mezani. Alimwomba Venant amwongezee siku tatu, hata mbili. Aliomba kama mtu anayesoma tangazo la ukutani.

"Mwalimu, barua inakufa leo saa kumi," Venant alisema. "Ningekuwa na uwezo ningekusaidia, haki ya Mungu. Mimi mwenyewe nimechoka kwa niaba yako."

Alizitandaza fomu mbili mezani, ya mume wa mnunuzi na ya mume wa muuzaji, labda kwa kujifariji tu.

Mlango ulifunguliwa. Mama Seif aliingia kwanza, jasho likimtoka, amemshika mkono mtu aliyekuwa bado nyuma yake kwenye korido.

"Ingia, Baba Seif, unaogopa nini? Humu hawang'ati! Dada, ndiye huyu mtoro wangu."

Mwanamume akaingia akitabasamu. Akamwona aliyekaa kwenye kiti. Tabasamu likabaki usoni halina kazi.

Venant alifurahi kuliko wote. "Haya, mmoja kapatikana! Bado mmoja."

Dorotea alimtazama yule mwanamume, kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka. Kisha akavuta kiti cha pembeni, akaweka kalamu juu ya fomu.

"Keti, Baba Gladness," alisema. "Saini zote mbili."