Sekunde Sita za Mzee Osukuku

Dakika ya nne na sekunde kumi na mbili, Robinson alisimamisha sauti ya marehemu baba yake, akainuka na kufunga mlango wa studio kwa ndani. Kisha akarudia kusikiliza.

"Na Robinson," Mzee Osukuku alisema kwa sauti chovu ya mgonjwa, "asitupe udongo kaburini mwangu."

Sekunde sita tu. Kabla ya hapo mzee alikuwa amewashukuru wauguzi na kuchagua wimbo wa kuimbwa. Baada ya hapo aliwaaga majirani wa Adungosi na kuwaombea mvua. Katikati ndipo alipomkataza mwanawe wa kiume wa pekee asimzike.

Rekodi ililetwa asubuhi hiyo na Akurut, dada yake mkubwa.

"Itachezwa Jumamosi kwa mazishi," alisema. "Iko na kelele ya jenereta. Baba alisema ni wewe usafishe, sio mtu mwingine."

"Wewe umeisikiza?"

"Aliniambia nimwachie simu, nitoke nje."

"Bado iko kwa simu yako?"

"Hiyo nilifuta. Simu yangu hujaa haraka." Akurut akaangalia foleni ya malori barabarani. "Usikimbie nayo. Sikiza yote."

Robinson hakuhitaji kuuliza kosa lake. Mwezi wa Agosti, mzee alipolazwa hospitali ya Kocholia, Akurut alimpigia simu kwamba baba anamwita. Kutoka studio yake ya Malaba ni safari ya boda boda isiyofika saa moja. Lakini kijana alikuwa na wasanii wa kurekodi, akasema, "Niko Kisumu, dada." Papo hapo malori yakapiga honi nyuma yake, na mchuuzi akapita akinadi mahindi ya kuchoma kwa wale wanaongoja kuvuka kuingia Uganda. Simu upande wa pili ilikuwa kwenye spika. Mzee alisikia honi, akasikia mahindi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Robinson haikufika hata getini.

Aliona haya kwenda wiki hiyo. Wiki iliyofuata akaona haya zaidi, kwa sababu hakuenda ile ya kwanza. Hivyo hivyo aibu ikazaa aibu mpaka mzee akakata roho.

Sasa alizikata zile sekunde sita, akavuta maneno ya mvua yakakutana na maneno ya wimbo. Hakufuta kitu. Alijiambia hivyo mara tatu. Katika programu yake, kinachokatwa hufichwa tu. Sauti ya mwanzo hubaki nzima chini yake, na pembeni kuna orodha ya kila hatua uliyopiga. Unabofya hatua ya nyuma, kila kitu kinarudi mahali pake. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuiona orodha ile.

Alhamisi alizirudisha sekunde zile, akasikiliza, akazificha tena. Ijumaa vivyo hivyo. Orodha iliandika yote bila huruma: ficha, rudisha, ficha, rudisha. Kila aliporudisha alijiona mwanamume. Halafu aliwaza watu mia tatu wakilisikia jina lake, na kidole kikaficha.

Jumamosi, chini ya turubai, aliunganisha kompyuta yake na spika. Alikusudia kucheza moja kwa moja kutoka kwenye programu, ili aweze kubadili nia hadi dakika ya mwisho. Akurut alikuja akasimama karibu naye.

"Umemaliza kusafisha?"

"Nimetoa ile kelele ya jenereta."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akurut akageuka. Alikwenda kuketi kando ya Mzee Emong, mdogo wa marehemu.

Sauti ya Osukuku ilijaa boma. Wanawake walilia walipomsikia akichagua wimbo wake. Ilipokaribia dakika ya nne, Mzee Emong aliinama mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Kidole cha Robinson kilikuwa juu ya orodha. Kubofya mara moja tu. Alimtazama mchungaji, akawatazama wasichana wa kwaya waliokuwa wakirekodi kwake, na kidole hakikushuka.

Baba yake akatoka kwenye wimbo akaingia kwenye mvua. Mshono haukusikika kabisa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mchungaji akawaita watoto wa marehemu. Robinson alitembea hadi kaburini akingoja mtu amzuie, na hakuna aliyemzuia. Aliokota udongo, akatupa. Machozi yakamtoka, na watu wakasema, maskini, alimpenda baba yake.

Mzee Emong alishusha kiganja chake sikioni. Alimtazama Akurut, akatikisa kichwa polepole.

Akurut akainuka, akaenda mezani, akachomoa waya kwenye kompyuta na kuuchomeka kwenye simu yake.

"Kuna nyingine," alimwambia ndugu yake, bila kumtazama usoni. "Hii Baba aliniachia mimi na Mzee Emong, akasema nisikupatie."

Jenereta ikanguruma kwenye spika, kisha sauti ya mzee ikafuata.

"Ile ya kwanza nimesema apewe Robinson aisafishe. Ndani yake nimemkataza kutupa udongo. Akiacha maneno hayo yasikike mbele ya watu, hii msiicheze. Mshikeni tu mkono, yeye ndiye atangulie kutupa, maana nilimsamehe siku ileile."