Pumzi Moja ya Jumapili

Eliakimu alivuta pumzi moja tu, akabana mfuniko wa ndoo upesi utadhani kuna ndege ndani.

Mlikuwa na kitenge cha Agnesi, marehemu mkewe. Siku ya kumaliza msiba, wanawake wa mtaani kwao, Katubuka, walifua kila kitu kama ilivyo desturi, mashuka, mapazia, nguo zote za marehemu. Eliakimu, macho yamejaa machozi na pua imeziba, aliwahi lundo mlangoni, akanyakua kitenge kimoja na kukifungia kwenye ndoo. Hakuwa na kingine cha kumkumbukia mkewe.

Usimcheke. Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini, na alijua harufu ni chembe, nazo hazitulii. Ukizipa upenyo zinatoka. Ukizipa joto ndiyo kabisa, zinakimbia. Kwa hiyo ndoo ilikaa uvunguni, juu ya saruji tupu, na ilifunguliwa Jumapili tu, alfajiri, kabla bati halijapata moto.

Domitila, mdogo wake Agnesi, alibaki kumpikia shemeji yake. Mwanzoni alimtania kwamba anafuga kitenge. Baadaye akaacha utani, akawa anamuuliza tu kila Jumamosi mazoezi yake ya kwaya yataisha saa ngapi, ili ajue chakula akiweke lini mezani.

Mwezi wa tatu baada ya msiba Eliakimu alitoka chumbani analia na kucheka. Harufu ilipaswa kuwa imefifia, lakini ilikuwa ileile: moshi, mawese, jasho kidogo, na mafuta ya nywele ambayo Agnesi na mdogo wake walipakana tangu utotoni.

“Shemeji, niliwafundisha watoto wa watu uongo,” alisema. “Haipungui.”

Domitila aliendelea kuchambua dagaa. Alisema labda mfuniko unabana vizuri.

Ndipo Eliakimu akaona aibu. Mwanamke huyu alikuwa na watoto wake Kasulu, na yeye amemng’ang’ania kama yatima. Akamwambia afungashe.

“Nenda kalee wanao. Mimi Agnesi ninaye hapa.”

Domitila aliuweka ungo wa dagaa chini. Aliomba abaki hata wiki moja. Eliakimu alikataa kwa upole, na Jumamosi hiyo akaacha kwaya ili amsindikize stendi. Alimbebea mfuko, akamnunulia maji, akamshukuru mara nyingi mno. Domitila alilia hadi abiria wakageuka. Eliakimu alijua anamlilia dada yake, akampungia mkono mpaka basi likapotea.

Saa kama hiyo, Jumamosi zote zilizopita, Domitila alikuwa jikoni amejipaka mafuta yale ya nywele, ameinamia moshi, na kiunoni amejifunga kitenge kile cha ndooni, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekifua kwa sabuni na kukianua kabla Eliakimu hajakinyakua mlangoni.