Siku Injini Itakapokufa

Alida alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiona kikavu hadi ncha, akakifuta kwa kitambaa na kukirudisha mahali pake.

"Oili vipi huko chini?" Wessel, mumewe, aliuliza kutoka chumba cha usukani.

"Ipo," akajibu.

Tangu waoane, mume alishika usukani na mke akaiangalia injini, na familia nyingi za meli za mizigo kwenye mto Waal, Uholanzi, ziliishi hivyo hivyo. Miaka yote hiyo injini haikukosa kitu. Aliyekosa ni Roelien, binti yao, aliyekulia kwenye bweni la watoto wa mabaharia, akiwaona wazazi wikiendi tu, tena pale meli ilipofunga gati karibu. Sasa Roelien ana mtoto wake huko Zwolle, mtaa wa pili kutoka nyumba ambayo Wessel aliachiwa na mama yake. Alida alishaukosa utoto mmoja, na huu wa mjukuu hakuwa tayari kuukosa.

Wessel naye aliahidi, tena mbele ya binti yao: "Siku injini hii ikifa, tunahamia nchi kavu."

Lakini injini ilikuwa ya zamani, ngumu kama mwenyewe Wessel, wala haikuonyesha dalili ya kufa. Ndipo baada ya Pasaka Alida akachomoa waya wa king'ora cha oili na kuacha kuongeza hata tone. Ilimuuma sana. Kila asubuhi aliipangusa huku akiiomba radhi kimoyomoyo.

Moshi ukazidi kuwa mweusi. "Wessel, unakaanga nini huko?" Sietse, nahodha mwenzake, alimtania kwenye redio, akiwapita na meli yake mpya ya betri, kimya kabisa.

"Nenda zako na hilo friji lako," Wessel akajibu. "Mimi na injini yangu tutazikwa pamoja."

Alida alikuwa akimenya viazi, akatabasamu. Mtu wa namna hiyo hanunui mota ya umeme.

Injini ilikufa karibu na Tiel, meli ikiwa imejaa kokoto. Chuma kilisaga chuma, kikapiga kishindo, basi. Walipovutwa hadi gatini, Wessel alishuka chini akakaa huko kitambo, akapanda na macho mekundu.

"Imekufa kweli," akasema.

Alida alimwonea huruma, akaona furaha pia, akajichukia kidogo kwa ile furaha.

Kesho yake Wessel alivaa shati la kanisani akaenda mjini. Alida akashusha mapazia, akafunga sahani kwa magazeti, akampigia binti yake. "Mwambie mjukuu wangu bibi anakuja kukaa," akasema, na machozi yakamtoka.

Wessel alirudi alasiri na keki ya matofaa. Akayaangalia masanduku mlangoni.

"Umeshafungasha, mama?"

"Nimemaliza."

"Basi fungua. Tumepata mota ya umeme. Betri unabadilisha bandarini kama mitungi ya gesi, moshi hakuna, na safari itatugharimu nusu ya dizeli. Serikali inachangia. Kwa sehemu yetu nimeshaiuza ile nyumba ya Zwolle."

Alida akakaa juu ya sanduku.

"Uliahidi, Wessel. Injini ikifa."

"Ilibidi ife. Serikali haimchangii mtu ambaye injini yake ya dizeli bado inafanya kazi." Akamkatia kipande cha keki, kikubwa kuliko chake. "Mimi kuiua kwa mkono wangu nisingeweza, roho ingenisuta. Kwa hiyo nilipogundua umeshaanza wewe, nikanyamaza, nikakungoja umalize."