Sweta za Shangazi

Meneja wa ghala la rangi alikuwa akipiga pushapu sebuleni kwake, amevaa sweta tatu, moja juu ya nyingine. Mkewe alisimama kando na kumwambia asithubutu kuacha. Jasho ndilo lililotakiwa. Sweta isiyo na harufu ya mwenyewe ingewaumbua.

Mambo yalianza mwanzoni mwa Novemba, shangazi yake Meneja alipowaita nyumbani kwake. Walikwenda watatu: Meneja, mkewe, na dada yake Meneja, ambaye ni mfamasia. Shangazi alikuwa karani mstaafu. Hakubahatika kupata mtoto, ila alikuwa na nyumba ya vyumba vinne kwenye kona ya barabara ya lami. Kwa ajili ya vyumba hivyo vinne, watu hao watatu walimpenda kupita kiasi.

Kwa miaka saba, kila Krismasi, shangazi alimpa kila mmoja wao sweta aliyoifuma kwa mkono wake. Nao walizipokea kwa sifa za kumtoa nyoka pangoni. Mke wa Meneja ndiye aliyekuwa hodari zaidi. "Ya mwaka huu imeipita ya mwaka jana, shangazi," alisema kila mwaka, huku ameikumbatia kifuani. Walizivaa mpaka chakula cha mchana kilipokwisha. Kila wiki ya kwanza ya Januari mke wa Meneja alizikusanya zote tatu, akazipeleka kwenye duka la mitumba la kanisa, tena kwa kupitia mlango wa nyuma.

Siku hiyo ya Novemba shangazi aliwaeleza kwamba macho yamechoka na mwaka huu hatafuma. Anataka kushona blanketi la viraka la kujifunikia uzeeni, na viraka vyenyewe atavikata kwenye zile sweta. Akawaomba wamletee mkesha wa Krismasi. Kisha akaongeza, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kwamba nyumba atamwandikia yule atakayekuwa amezitunza vizuri kuliko wenzake.

"Zote saba?" Meneja aliuliza.

"Zote nilizokupa, mwanangu."

Walitoka pale wakiwa wapole kama kuku walionyeshewa. Kesho yake asubuhi mke wa Meneja alikuwa wa kwanza kufika kwenye duka la kanisa. Muuzaji akamwambia sweta zile huwa hazikai, zina mteja wake. Mke wa Meneja alibaki akijiuliza ni binadamu gani, mwenye akili zake, angetoa pesa yake mfukoni kununua kitu kama kile.

Ikabidi wamwendee fundi wa kufuma wa mtaa wa nyuma. Walitaka sweta ishirini na moja ndani ya wiki sita. Fundi akauliza rangi, na hapo pakawa pagumu. Meneja alijikuna kichwa, akasema kila akijaribu kukumbuka anaiona ile ya kijani tu, yenye mkono mmoja mrefu. Mfamasia alikumbuka ya njano, yenye ndege kifuani aliyefanana na kikaango. Mke wa Meneja hakukumbuka hata moja. Akakata shauri kwamba rangi nyingine zibuniwe tu, kwani mzee wa miaka themanini atakumbuka nini?

Fundi aliumia. Tangu ajifunze kazi hakuwahi kuombwa aiharibu. Walimwelekeza apindishe shingo, aruke vitanzi, arefushe mkono huu na kufupisha ule, ili ionekane ni kazi ya bibi kizee. Jioni mke wa Meneja alirudi peke yake, akamnong'oneza kwamba zile za wifi yake azilegeze kidogo, zionekane hazikutunzwa. Hakujapita saa moja, mfamasia naye akabisha hodi na ombi lilelile kuhusu wifi yake.

Zilipokamilika, wakazifua kwa maji ya chumvi na kuzianika juani. Wakazisugua viwiko kwa jiwe. Meneja akapiga pushapu mpaka mgongo ukamgomea.

Mkesha wa Krismasi, saa nne asubuhi, walizipanga kwenye meza ya shangazi, mafungu matatu. Shangazi akavaa miwani na kuziinua moja moja. Alipapasa mishono, akanusa makwapa, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mke wa Meneja akawa anampa historia ya kila moja na mwaka wake, machozi yakimlengalenga. Meneja akasema huvaa zake hata kazini. Mfamasia, asikubali kushindwa, akasema zake hulala nazo.

Shangazi aliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kugawa hata moja, maana siku hizi watu wana moyo wa kutoa.

"Kugawa?" mke wa Meneja alisema. "Shangazi, afadhali nitoe figo."

Bibi akaikunja ya mwisho taratibu, akairudisha kwenye fungu lake. Akavua miwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine kwa upole, na mke wa Meneja akaanza kuwaza mapazia ya vile vyumba vinne.

"Ishirini na moja. Mmemsumbua sana fundi," shangazi alisema. "Mimi nilifuma tatu tu, Krismasi ile ya kwanza. Kila Januari nakwenda pale kanisani kuzinunua tena, nazifua, mwisho wa mwaka nawapa hizohizo."